Fremu ya Mwisho ya Ukoo wa Bourgelas

Jumamosi, 7 Juni

Mkutano wa Chama cha Ukoo wa Bourgelas, ukumbi wa parokia, Saint-Ulfrand. Kahawa baridi. Biskuti za mwaka jana, naapa.

Ukutani fremu kumi na moja za akina Bourgelas waliotukuka katika muziki na elimu. Azilda, aliyeimba opera Milano na hakurudi hata kumzika mama yake. Bruda Théodule, aliyehesabu wadudu miaka arobaini. Na wengineo. Fremu ya kumi na mbili ni tupu. Ndiyo ya mwisho, ukuta umekwisha.

Hiyo ni ya baba yangu, Alcide, mpiga fidla. Hakujua kusoma nota hata moja, lakini harusi za parokia nzima zilimngoja yeye. Alipiga ameketi, miguu yote miwili ikitwanga sakafu. Amekufa bila mtu kumwambia ahsante. Hilo linaniuma mpaka leo.

Binamu Rosaire naye anamtaka baba yake, marehemu Donat, mkaguzi wa shule, aliyeandika kitabu kinene kuhusu majina ya vijito. Vijito! Nani aliwahi kucheza dansi kwa majina ya vijito?

Rosaire kaniletea kahawa bila kuombwa. Sikuinywa.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeng'oa ubao wa sakafu jikoni, pale alipokuwa akiketi baba. Miguu yake imeuchimba mabonde mawili. Ushahidi huo! Nikampelekea Bi Huguette, mwenyekiti. Akasema, Fernand, ubao mzuri, ila kanuni zetu hazisemi lolote kuhusu mbao.

Kanuni! Hapo hapo nikapata wazo. Kanuni ya nne: anayewekwa ukutani lazima awe damu ya Étienne Bourgelas, babu yetu aliyeshuka melini kutoka Ufaransa. Na masikio ya Rosaire nayatilia shaka tangu Komunyo ya Kwanza. Masikio ya Bourgelas hulala. Yake yamesimama wima.

Nikapendekeza mimi na Rosaire tupimwe vinasaba. Tuteme mate kwenye vichupa, vipelekwe maabara Montréal, walinganishe na wazee ambao ukoo wao hauna shaka. Bi Huguette akakubali. Rosaire naye kakubali papo hapo, tena kwa tabasamu. Asiye na la kuficha hatabasamu upesi vile.

Jioni nimetumbukia kwenye tundu la ubao. Goti limevimba.

Jumanne, 10 Juni

Nimemfuma!

Tulitema mate nyumbani kwa Bi Huguette, kila mtu kichupa chake. Nikaenda kunawa. Kurudi, nakuta Rosaire yuko mezani, kalamu mkononi, vichupa mbele yake, peke yake! Eti chai imemwagikia lebo, anaziandika upya. Eti! Panapofuka moshi pana moto. Bila shaka kaweka jina langu kwenye mate yake na jina lake kwenye yangu. Nikajitolea kupeleka kifurushi posta.

Garini, nyuma ya kanisa, nikabandua lebo zote mbili nikazibadilisha. Alichogeuza yeye nimekigeuza tena, na sasa mate ya kila mmoja yamerudi kwa mwenyewe. Ananijua huyu? Nimekula supu ya njegere bakuli tatu.

Alhamisi, 24 Julai

Majibu yamefika. Bi Huguette kayasoma mbele ya kamati nzima. Kichupa cha Rosaire: damu ya Étienne, bila shaka yoyote. Kichupa cha Fernand: siye. Hata kwa mbali.

Watu wakaniangalia kama mfiwa. Shangazi mmoja akanipapasa mkono.

Nilitaka kusimama niseme kwamba Rosaire ni tapeli wa lebo. Ila kwanza nikamuuliza Bi Huguette, kwa upole, iwapo siku ile alimwacha peke yake na vichupa. Thubutu, akasema. Bi Huguette alikuwa nyuma ya mlango wa stoo akitafuta kitambaa, jicho kwa Rosaire muda wote. Lebo alizihakiki mwenyewe moja moja. Na aliyemwaga chai ni yeye, si Rosaire.

Nimekaa garini nikahesabu kwa vidole. Rosaire hakugeuza kitu. Aliyegeuza ni mimi, mimi peke yangu. Basi mate yenye damu ya Étienne ni yangu! Rosaire ndiye siye! Masikio hayakunidanganya!

Na siwezi kumwambia mtu. Nikisema, mimi ni mdanganyifu, na baba anakuwa baba wa mdanganyifu. Nikinyamaza, baba si Bourgelas. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nimetumbukia tena kwenye tundu. Goti lilelile.

Jumatano, 30 Julai

Nilimwandikia Bi Huguette barua isiyo na jina. Mwanachama mwenye uchungu na ukoo anadai vipimo virudiwe. Mwandiko nimeugeuza, nimetumia mkono wa kushoto.

Kapiga simu leo. Kaniuliza kama ningependa nirudishiwe barua yangu isiyo na jina. Nyuma ya bahasha nilikuwa nimebandika kibandiko chenye anwani yangu. Mazoea. Kura ya fremu imekwisha pigwa, akasema, na Donat ameshinda.

Sijala mchana. Nimeishika fidla ya baba mapajani. Sijui hata kuipiga. Naona haya.

Ijumaa, 1 Agosti

Rosaire kaja, na pai ya sukari, na daftari kuukuu, na ubao. Nikamfungulia nusu mlango.

Daftari ni la baba yake. Kumbe Donat, kila Alhamisi ya kipupwe, alikuwa akija kuketi jikoni humu humu na kuandika kwa nota nyimbo za baba. Sitini na tatu! Ukurasa wa kwanza kaandika: Mwalimu wangu, Alcide Bourgelas. Mkaguzi wa shule, mtu wa vitabu, kamwita baba mwalimu.

"Binamu," Rosaire akasema, "mambo ya damu mimi siyajui. Fidla ile niliisikia kwa masikio yangu haya. Baba yangu hatapanda ukutani bila baba yako. Nimeshawaambia kamati: wote wawili, au fremu ibaki tupu."

Kwa masikio yake haya! Nililia. Naandika ili isije ikasemwa sikulia. Nikafungua mdomo nikiri yote, lebo, gari, nyuma ya kanisa. Neno lilikuwa limefika ncha ya ulimi.

Hapo Rosaire akakata kipande cha pili cha pai, akauliza, hivi hivi tu, kama posta siku ile kulikuwa na foleni, hata nikakawia vile.

Nikafunga mdomo. Foleni? Anajuaje? Anajua nini?

Kabla ya kuondoka kaziba tundu kwa ubao ule aliokuja nao. Umeingia barabara, bila kukatwa hata kidogo. Alipima lini?

Jumamosi, 2 Agosti

Sherehe. Kamati imeiweka kando kanuni ya nne. Fremu ya kumi na mbili: Alcide na Fidla, Donat na Kalamu. Chini yake wametundika ubao wangu wenye mabonde mawili. Mjukuu wa Bi Huguette kaketi, kapiga wimbo wa kwanza wa daftari, na ukumbi mzima ukatwanga sakafu kwa miguu. Alikuwa baba kabisa. Nikalia tena. Rosaire alinishika bega, naye akilia.

Baba yuko ukutani. Nilichokitaka nimekipata. Leo nimeapa mbele ya picha yake kuacha vitimbi, kabisa.

Ila nimewaza njiani. Mtu anakugawia fremu, anakuletea pai, anakuzibia tundu, na hakudai kitu. Anataka nini? Uchaguzi wa mwenyekiti ni Septemba. Ahaa!

Uma alioutumia Rosaire kula pai jana sikuuosha. Nimeutia kwenye bahasha, Jumatatu naupeleka maabara Montréal mwenyewe. Lebo nimeiandika kwa penseli, endapo itabidi kubadilisha.