Kiti cha Nyuma cha Bibi Harusi

Jumatatu, 3 Juni
Mjukuu wangu anaolewa Jumamosi. Shemeji yangu, yule dobi mstaafu, kaka wa mke wangu, anatangaza mtaa mzima kuwa bibi harusi atapanda gari lake. Ati jeupe. Ati injini ni cc elfu moja mia nane, yangu elfu moja mia tano. Nimemwambia cc zangu zimekomaa. Spidimita yake inaishia mia na themanini, yangu mia mbili ishirini. Mshale haujatoka sifuri tangu mwaka juzi, lakini nafasi ya kwenda ipo. Milango, minne kwa minne. Mmoja wangu haufunguki. Mlango ni mlango.

Jumanne, 4 Juni
Mjukuu kachoka na kelele zetu. Ukumbi uko juu ya kilima, kwa hiyo atapanda gari litakalotangulia kufika juu kesho. Shemeji kacheka mpaka meno ya bandia yakalegea. Acheke. Nimeng'oa tairi la akiba, jeki, na kiti cha nyuma kizima. Nusu ya mtaa huu nimejenga mimi, uzito naujua.

Jumatano, 5 Juni
Nimemwacha mbali! Kwenye kioo alikuwa kama punje ya mchele. Ati gari lake lilikuwa halijapata moto. Visingizio anavyo tangu utotoni. Mjukuu kanikumbatia.

Ijumaa, 7 Juni
Nimefuata kiti nikirudishe. Kumbe mke wangu kakitandikia shuka barazani, na mashangazi watatu wa bwana harusi wamekikalia. Nikasema hicho ni cha gari. Mkubwa wao akasema ndiyo maana mgongo haumuumi, akaomba chai nyingine. Mke wangu kanionya: nikiwanyanyua wakwe, nitalala garini. Nilale juu ya nini?

Jumamosi, 8 Juni
Mjukuu kafungua mlango, gauni mkononi.

"Babu, hapa nakaa wapi?"

"Popote, mjukuu wangu. Nafasi tele."

Nilikuwa nimemwekea kiti cha plastiki, na mto juu. Akakaa, hana makuu yule mtoto. Kona ya kwanza akaenda mlangoni na kiti chake. Kona ya pili akarudi. Chini ya kilima akaniomba radhi, akahamia kwa shemeji, walikojazana mama yake na dada zake wanne. Nusu ya kilima, gari jeupe likazima. Wageni juu wanangoja. Shemeji kanywea, nikamwonea huruma. Nikafunga kamba, nikavuta. Wasindikizaji walisukuma kidogo kwa nyuma, lakini hao si injini. Mjukuu kaingia ukumbini anacheka hadi machozi, kanishika mimi mkono huu, shemeji ule.

Jumapili, 9 Juni
Shemeji anadai bibi harusi alifika ndani ya gari lake. Sawa. Mzigo hukaa kwenye tela. Mdogo wake bibi harusi naye amechumbiwa, nasikia. Nimeshalegeza nati za kiti cha mbele cha abiria. Na ule mlango usiofunguka, nabeba wa nini?