Maziwa ya Kuosha Mapafu

Wilibrodi hakuwa daktari, lakini koti jeupe lilimkaa vizuri kuliko madaktari wengi, na muhuri aliouchongesha karibu na stendi ulikuwa na duara mbili. Sumbawanga nzima, mwenye muhuri wa duara mbili halali njaa.

Asubuhi hiyo alisimama mbele ya mashine ya kusaga ya Mzee Adolfu, akawaona wafanyakazi wakitoka kupunga upepo: weupe kuanzia kope mpaka viatu, wakikohoa kwa zamu kama waliopangiana. Mlangoni palikuwa na ndoo ya maziwa. Mzee Adolfu aliamini kikombe kimoja kwa siku kinasafisha vumbi lote kifuani. Barakoa aliziita anasa. Wilibrodi aliitazama ndoo ile, roho yake ikasuuzika.

"Shikamoo mzee. Hayo maziwa ya wapi?"

"Marahaba. Ya wafugaji wa Pito."

"Ndiyo maana wanakohoa." Wilibrodi akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu. "Ya kawaida yanaishia tumboni. Yangu yametibiwa, yanapanda mpaka kwenye mapafu."

Yake nayo yalikuwa ya Pito, yameongezwa maji na mchaichai kidogo. Sayansi ina siri zake.

Bei aliyotaja ilimfanya mzee ashike ukuta. Akasema atafikiri.

Evodia, anayemimina mahindi kwenye mdomo wa mashine, alisikia yote. Tangu mavuno alikuwa akilala ameketi, maana akijinyoosha kifua kinambana. Alikuwa anaogopa, na barakoa alishaziomba mpaka akachoka. Akamfuata Wilibrodi nje.

"Mtaalamu, mzee anaamini macho yake tu. Kaa ndani na sisi, unywe maziwa yako, magunia kumi yasagwe. Ukitoka hukohoi, atanunua ya mashine zake zote tatu, mwaka mzima."

Zote tatu! Wilibrodi akaanza kuchagua rangi ya pikipiki.

Kesho yake aliingia na dumu lake, mzee akabaki nje kusubiri matokeo. Gunia la kwanza alitabasamu. La pili akanywa vikombe vitatu. La nne vumbi lilimjaa puani, machoni na kwenye mipango yake.

"Dada," alikohoa, "nakufa."

"Toka basi."

"Mzee ataniona!"

Evodia akatoa barakoa mpya aliyojinunulia asubuhi ile, na karatasi aliyokwisha kuiandika. "Gonga muhuri hapa kwanza."

Kwa macho yaliyojaa unga, Wilibrodi angegonga hata hati ya kifo chake. Akautoa muhuri mfukoni, akagonga. Evodia akatoka na karatasi, Wilibrodi akavaa barakoa, akamaliza magunia kumi akipumua kama mfalme.

Alipotoka, barakoa ikiwa imefichwa mfukoni, alimkuta Mzee Adolfu ameishika karatasi ile kwa mikono miwili.

"Nimesoma maelekezo yako, daktari. Maziwa hayazuii vumbi. Kila mfanyakazi barakoa, feni ya kutoa vumbi, mkanda wa mashine ufunikwe, na vifua vyao vipimwe hospitalini, wao kwanza. Nitatekeleza yote, usinifungie mashine tu. Duara mbili hizi!"

Wilibrodi akafungua kinywa. Kusema karatasi ni feki ilikuwa kusema yeye ni feki. Kwa hiyo alikohoa tu, kwa heshima zote.

Kikohozi hicho hakikumwacha. Wiki iliyofuata alikwenda hospitali bila koti, akakuta benchi zima limejaa watu wa mashine ya Mzee Adolfu. Evodia alikuwa wa kwanza kwenye foleni, uso umechangamka, maana tangu feni iwekwe alikuwa amelala vizuri usiku tatu mfululizo.

"Dada, nisaidie nitangulie. Kifua kinaniua."

"Pole sana, mtaalamu. Ila karatasi yako imesema wafanyakazi kwanza, na mzee amesisitiza ifuatwe." Akajisogeza ampishe pa kukaa, kisha akamwekea chupa mapajani. "Ukiwa unasubiri, kunywa maziwa."