Mkurugenzi Aagiza Bibi

Wizara ya Utamaduni ilitangaza, kwa vipaza sauti vilivyofungwa juu ya gari na kwa furaha isiyo kifani, kwamba kuanzia Jumatatu taifa litaacha kuiga wageni. Ni wizara ileile iliyowahi kuwakata vijana nywele barabarani, ikachana suruali, ikavunja redio. Safari hii ilikuwa imegundua kwamba uchafu wote unaingilia kwenye kompyuta.

Ndiyo maana maofisa wa lakiri, wale wa kufunga milango na kuigonga mihuri ya serikali, walipanda ngazi hadi chumbani kwa Digrii, juu ya duka la shangazi yake mshonaji. Mtaa ulimwita binti huyo Digrii kwa kuwa alikuwa na shahada nyingi kuliko chuo kizima, zote kwa majina ya watu wengine. Wanafunzi wa ng'ambo waliagiza insha mtandaoni, yeye akaandika, wao wakahitimu. Kazi hiyo ndiyo iliyolipa kodi ya juu na ya chini.

"Unaandika mawazo ya wageni," alisema ofisa mkuu, akizungusha waya wa kompyuta mkononi.

"Wageni ndio wanaoandika mawazo yangu, kaka."

"Hilo litaangaliwa na kamati nyingine."

Wakaondoka na kompyuta. Shangazi akatema uzi. "Na mwenye nyumba akija, tumpe nini? Lakiri?"

Sasa, kanuni. Kila raia alitakiwa kuandika Insha ya Asili, amweleze bibi yake, ithibitike kwamba mizizi yake haijaguswa. Atakayekutwa na ugeni, mahali pake pa kazi patafungwa papo hapo. Wakubwa wangetangulia kusoma zao, mbele ya Waziri. Mkurugenzi wa Asili na Mizizi aliitunga kanuni hiyo mwenyewe. Yaani aliwaagiza washauri wa ng'ambo, wakaituma, akatia saini. Tatizo ni kwamba washauri hawakuwa na bibi yake.

Basi Mkurugenzi naye akapanda zile ngazi, jasho likimchuruzika ndani ya koti la sufu, kompyuta kaikumbatia kama mgonjwa.

"Binti yangu, hii ilichukuliwa kwa uchunguzi tu. Imeonekana haina neno. Nahitaji bibi."

"Shikamoo, mzee. Wako alikuwaje?"

"Marahaba. Alikuwa... na heshima zake."

"Aliimba nini? Alikukanya nini?"

"Nimekulia bweni mimi, hayo nitayajulia wapi? Wewe weka tu. Nasoma leo mchana."

"Leo mchana? Labda nikupe kiporo." Kiporo, katika kazi yao, ni insha iliyoagizwa kisha mteja akaingia mitini. "Ni bibi mzuri, analiza watu. Ila ni wa kule ng'ambo, lazima tumgeuze. Kaa nikusomee, turekebishe pamoja."

"Unisomee? Nina kikao! Chapa!"

"Mzee, kwetu mteja husoma kwanza. Ndiyo kanuni."

"Wewe wa kunipa mimi kanuni?"

Shangazi akapaza sauti kutoka chini: "Mpe aende zake! Gari lake limeziba mlango, wateja wangu wataingilia wapi?"

Digrii akachapa.

Ukumbini, Mkurugenzi alisoma kwa sauti nzito, akiitetemesha panapostahili. "Bibi yangu aliamka mapema, akashika sepetu, akaondoa theluji mlangoni nisije nikateleza nikienda shule." Akatua apigiwe makofi. Akapigiwa. "Jioni alinifumia soksi kando ya moto, na mbwa wetu, aliyepewa jina la babu, alilala kitandani kwangu."

Wasaidizi wake wakafuta machozi. Waziri akauliza taratibu hiyo theluji ilianguka wilaya gani.

Maofisa wa lakiri hawana mzaha na kanuni. Alasiri hiyohiyo waliufunga mlango wa Mkurugenzi kwa mnyororo, wakagonga lakiri. Mwenyewe alikuwa ndani, lakini kanuni haikusema lolote kuhusu aliye ndani.

"Fungueni!" sauti ikatokea kwenye tundu la ufunguo. "Nitaleta bibi mwingine! Wa hapahapa!"

"Hakuna shida, mzee," ofisa mkuu akainama kwa adabu. "Andika ombi, lipitie kwa Mkurugenzi."

"Mkurugenzi ni mimi!"

Ofisa akaikagua lakiri, akaridhika nayo.

"Huyo leo hapatikani, mzee. Ofisi yake imefungwa."