Kola ya Maluki

Jumatatu, 3 Machi 2025
Jana Maluki alikuja kwaya na shati jipya. Maluki! Mtu ambaye mwaka mzima huimba na fulana ya kampeni. Kola imeshonwa kwa mkono, nyuzi za buluu zimesukwa ukingoni kama mkeka. Waruguru wa sauti ya kwanza aliigusa. Namtaka huyo dada tangu Krismasi. Hajagusa hata kitabu changu cha nyimbo. Nikamuuliza Maluki fundi ni nani. Akasema eti ni shati la kitambo tu. Kitambo gani, na alama za chaki bado zinaonekana?

Jumatano, 5 Machi
Fundi nimempata! Nimezunguka Ruiru nzima hadi Mwihoko, kwenye kibanda cha mama anayeitwa Ruqayya. Akasema kola moja ni wiki mbili, na kuna foleni. Nikamwambia mimi ni mtangazaji wa televisheni. Akauliza stesheni gani. Nikasema, basi, redio. Akauliza mtu wa redio anamvalia nani kola. Jeuri sana.
Lakini ukutani limening'inia shati lingine tayari. Akasema ni la Maluki wa Kamenu. La pili! Ulafi huo.

Ijumaa, 7 Machi
Nimerudi nikiwa ndugu yake Maluki, nimetumwa kulichukua. Ruqayya akasema hatufanani. Nikasema mama tofauti. Akanipa! Akili hizi zinaozea Thika bure. Kifungo cha juu kimekataa kufunga, Maluki ana shingo ya bata. Si neno. Nitainua kidevu.

Jumapili, 9 Machi
Niliingia kanisani kidevu juu. Waruguru akaja moja kwa moja kwangu. Moyo paa! Akashika kola, akaigeuza. Ndani, herufi mbili: M na W. Akasema yeye ndiye aliyeagiza, zawadi ya kumpa Maluki, avae Jumamosi wakienda kwa wazazi wa Waruguru, Ngoingwa. Halafu akaniomba nilivue. Kwa upole. Heri angenizaba kofi. Nimeimba ibada nzima na joho la kwaya juu ya ngozi tupu, na sikumbuki hata wimbo mmoja.

Jumatatu, 10 Machi
Nimekaa chini nikafikiria kama mtu mzima. Kosa langu nimeliona: nilichukua shati la mtu wa kwaya yetu. Ujinga mtupu! Kwa Ruqayya niliona lingine Ijumaa, kola ya kijani, la bwana mmoja wa Naivasha anayeitwa Nzau. Naivasha ni mbali. Kesho mimi ni binamu yake Nzau.
Ruqayya hatanijua. Nitavaa miwani.