Bastola ya Kapteni Jicho Moja

Wako wanaoamshwa na jogoo, na wako wanaoamshwa na madeni. Msomi, asubuhi ile, aliamshwa na neno moja tu: bastola.

Neno hilo lilitoka kinywani mwa Bwana Magodoro, aliyekuwa amelazwa chali kwenye kiti cha kinyozi, povu likiwa limemjaa mashavuni.

"Tunabomoa dari ya nyumba ya marehemu baba," alisema, "mara puu! Bastola hiyo chini. Nusura impasue fundi kichwa. Bastola ya kijeshi, ya zamani kweli."

Kwenye benchi la kusubiria, Msomi alikuwa amejifunika gazeti. Ukweli ni kwamba hakuwa akisubiri kunyolewa. Benchi lile ndilo lilikuwa chumba chake cha kulala tangu mwenye nyumba wake alipobadilisha kufuli bila hata kumwambia kwaheri. Kinyozi, mtu wa huruma lakini mfanyabiashara, alikuwa amemkubalia alale pale kwa sharti moja: mchana ajifanye mteja, ili duka lisionekane tupu. Basi Msomi alikuwa akinyolewa kila wateja walipoadimika, na kichwa chake sasa kiling'aa kama sahani.

Hakuinua gazeti. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeulizia saa:

"Ina pete chini ya mpini?"

Wembe ulisimama hewani. Bwana Magodoro akageuza shingo.

"Umejuaje?"

"Pete ya kupitishia kamba, afisa asiipoteze akiwa mbioni." Hapo ndipo Msomi alipokunja gazeti na kuvaa miwani yake, ambayo vioo vyake vilikuwa vya dirisha, lakini ilimfanya aonekane mtu aliyechoka kwa kusoma. "Ndugu yangu, bastola yenye pete si ya hivi hivi. Bastola yenye pete ina mwenyewe, na mwenyewe ana habari zake."

Mwenye macho haambiwi tazama. Kabla povu halijakauka, wawili hao walikuwa njiani kuelekea nyumbani kwa Bwana Magodoro.

Bastola ilikuwa imelala juu ya foronya mezani. Polisi walikwisha kuikagua, wakang'oa pini yake ya kufyatulia na kumwachia kama pambo. Kando ya meza alikaa Bi Mkubwa, mama yake Bwana Magodoro, akishona foronya nyingine wala hakuinua macho. Msomi akaomba mafuta ya taa, mswaki wa zamani na kioo cha kukuzia. Akavua koti, akakunja mikono ya shati, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akafanya kazi ya halali.

Kwa maana hapa lazima tumtendee haki. Katika mambo mengine yote Msomi alikuwa mwongo wa kupigiwa mfano, lakini bunduki alizijua. Ujanani alisafisha silaha katika ghala la jeshi, hadi ilipogundulika kuwa viatu vya kikosi kizima vilikuwa vimetembea kwenda sokoni bila askari ndani yake. Alisugua kutu taratibu. Namba ya mwilini na namba ya kifuniko cha juu zilikuwa moja, kwa hiyo haikuwa imeungwaungwa. Kulikuwa na muhuri mdogo wa mkaguzi wa kiwanda, na chini yake muhuri mwingine, ule wa vifaa vya stoo. Akaielekeza dirishani akachungulia mtutu. Mifereji ya ndani ilikuwa safi, mikali, kama iliyochongwa jana.

Akaelewa yote. Bastola ile haikuwahi kufyatua risasi hata moja. Ilitoka kiwandani ikaingia stoo, ikatoka stoo ikaingia darini. Historia yake yote ingeenea kwenye ukucha. Na historia fupi, kama Msomi alivyojua vizuri kuliko maprofesa, hailipi.

"Unaona nini?" Bwana Magodoro aliuliza huku akihema.

"Wewe kwanza niambie. Babu yako alikuwa nani?"

Bwana Magodoro akatazama chini. Hapo ndipo palipomuuma. "Kwenye chama chetu cha wafanyabiashara kila mtu ana babu. Huyu babu yake alijenga daraja, yule wake aliongoza kikosi. Mimi nikimtaja wangu, wananiuliza alikuwa nani, nabaki kukohoa."

"Alikuwa mpishi," alisema Bi Mkubwa kutoka kwenye foronya yake.

"Mama!"

"Mpishi wa kambini. Ni baba mkwe wangu, namjua. Na maharage yenyewe alikuwa anayaunguza."

Bwana Magodoro akamvuta Msomi mpaka chumba cha mbele, kile chenye mlango wa kutokea barabarani. Kilipakwa rangi mpya. Pembeni kulikuwa na kitanda, na juu yake godoro nene ambalo lilikuwa bado ndani ya nailoni.

"Hapa nitafanya makumbusho ya ukoo," alinong'ona. "Nitafutie historia ya bastola hii, historia ya maana. Ukiipata, wewe ndiye mtunzaji wake. Utalala hapa, utakula na sisi, na mshahara juu."

Msomi akagusa godoro kwa kidole kimoja. Likabonyea, likarudi. Usicheke, ndugu msomaji. Mtu wa umri wake, ambaye mbavu zake zilikwisha kuzijua mbao zote za benchi la kinyozi, alitaka kile chumba kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Alitaka kuzeeka mahali penye ufunguo. Karibu atokwe na machozi, na machozi yenyewe yangekuwa ya kweli.

"Nipe siku chache," alisema. "Utafiti hauna haraka."

Alifanya utafiti kwenye maktaba ya mji, akiwa ameegemeza shavu juu ya kamusi, akikoroma kwa adabu. Shujaa alikwisha kumpata, ni babu. Kilichokosekana ni adui, maana bastola ya kishujaa lazima inyang'anywe kwa mtu. Alipofumbua macho alimwona paka dirishani akimtazama kwa jicho lake la pekee. Msomi akamshukuru, akaondoka.

"Kapteni Jicho Moja," alitangaza mezani kwa Bwana Magodoro. "Afisa wa adui, katili, hakuna aliyethubutu kumtaja baada ya jua kuchwa. Bastola hii ilikuwa yake. Na aliyempokonya, mikono mitupu, ni babu yako!"

Bwana Magodoro akashika moyo.

"Mpishi?" aliuliza Bi Mkubwa.

"Alijifanya mpishi, Bi Mkubwa. Alikuwa mpelelezi."

"Akajifanya mpaka akastaafu?"

"Upelelezi hauna likizo."

Bi Mkubwa akakata uzi kwa meno. Lakini Msomi alipoanza kusoma maandishi ya kibao kitakachotundikwa juu ya bastola, "aliyoipata baada ya kumuua Kapteni Jicho Moja," akainua sindano.

"Nyumbani kwangu haliandikwi neno kuua. Wajukuu wanalala humu."

"Lakini mama, ndiyo historia!"

"Historia ikaoge kwanza, ndiyo iingie."

Msomi hakuwa mtu wa kugombana na mwenye nyumba kwa ajili ya neno moja. Kiswahili kina maneno ya kufunikia mengine. Akafuta, akaandika: "baada ya kumlaza Kapteni Jicho Moja." Kila mtu akaridhika. Kosa kubwa la maisha yake lilikuwa limekwisha kutendeka, na aliletewa chai.

Wiki ile Bwana Magodoro hakuuza godoro bila kuuza na babu. Aliyekuja kununua mto aliondoka na Kapteni. Hadi siku ya ufunguzi wa makumbusho, mji mzima ulikuwa unamjua Jicho Moja kuliko diwani wake. Wanachama wa chama cha wafanyabiashara walikuja na suti zao na mababu zao. Msomi alisimama kando ya kabati la kioo, ufunguo wa chumba ukiwa tayari mfukoni mwake, akijisikia mwenyeji.

Ndipo alipoingia mwanamke mmoja mwenye nguo nyeusi na mkoba mdogo. Hakusalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, akaweka kiganja kwenye kioo, akalia kimyakimya, kilio cha mtu aliyelelewa vizuri.

"Dada, vipi?" Bwana Magodoro alimwuliza.

"Ni ya babu yangu," alisema. "Kapteni."

Msomi akahisi nywele alizokuwa hana zikimsimama. Alimtazama yule mwanamke, na yule mwanamke akamtazama, na katika ule mtazamo mafundi wawili wa kazi moja walitambuana.

Sasa afanye nini? Kusema "huyo ni tapeli" ni rahisi. Lakini ataulizwa amejuaje, naye atajibu nini? Akajaribu kumkamata kwa swali.

"Kama kweli wewe ni mjukuu wake, tuambie. Jicho gani alikuwa hana?"

"Lile lililokuwa halipo, mzee wangu," alijibu kwa upole. "Nyumbani hatukuwa tukilitaja. Lilikuwa linamuuma."

Wageni wakaguna kwa huruma. Bwana Magodoro alikuwa anang'aa. Adui mwenyewe amekuja kushuhudia! Nani katika chama kile alikuwa na babu mwenye ushahidi wa pande zote mbili?

"Haiwezekani!" Msomi alisema, sauti ikipanda. "Kapteni hakuacha mtoto. Alikufa pale pale!"

Mwanamke akainua kidole kuelekea kwenye kibao. "Nani kaandika hicho?"

"Mimi."

"Umeandika nini?"

Aliyesoma ni mwanachama mmoja aliyekuwa karibu: "Baada ya kumlaza Kapteni Jicho Moja."

"Kumlaza," mwanamke alirudia. "Ndivyo babu alivyotusimulia. Alikuwa na homa kali, hajiwezi. Mpishi mmoja wa upande wa pili akamwokota, akamlaza kitandani, akamuuguza. Babu alipopona akamwachia bastola yake kwa shukrani. Asingelazwa, mimi nisingezaliwa."

"Kulaza hapo maana yake ni kuua!" Msomi alipiga kelele.

Bwana Magodoro akamgeukia, akiwa amekunja uso.

"Msomi, kulaza watu ndiyo kazi yangu. Nimeifanya maisha yangu yote. Sijaua hata mmoja."

Wageni wakapiga makofi. Bi Mkubwa, ambaye hakuwa amepiga makofi tangu kuanza kwa shughuli, naye akapiga. "Mpishi," alisema, akifuta machozi. "Nilisema mimi, alikuwa mpishi. Maharage yalimshinda, lakini roho yake ilikuwa nzuri."

"Kumbe biashara hii tuliirithi!" Bwana Magodoro alikuwa analia waziwazi. "Babu ndiye aliyeanza kulaza watu! Dada yangu, ichukue bastola. Ni yenu."

"Sitaki kuichukua," alisema yule mwanamke, akiinamisha kichwa. "Babu alituusia: siku mtakayoiona, msiichukue, ila mkae nayo."

"Ukae nayo wapi?" Msomi aliuliza, ingawa alikwisha kuona macho ya yule mwanamke yakitua kwenye godoro.

"Hapa hapa!" akajibu Bwana Magodoro. "Chumba hiki ni chako. Msomi, mpe dada ufunguo."

"Na mtunzaji?"

"Wa nini tena? Mjukuu mwenyewe yupo."

Mfa maji haachi kutapatapa. Msomi aliushika ufunguo ndani ya mfuko kwa mikono yote miwili, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu: akasema kweli.

"Jamani, nisikilizeni. Hakuna Kapteni! Nilimtunga mimi, maktaba, nikimtazama paka. Hakuna vita, hakuna homa, hakuna chochote. Chungulieni mtutu wa hii bastola, uko safi, haijawahi kufyatuliwa tangu itengenezwe!"

Mwanachama mmoja akaitoa kabatini, akachungulia, akampa mwenzake. Ikazunguka chumba kizima.

"Ni kweli," akasema wa mwisho. "Haijafyatuliwa."

"Mnaona!"

"Bila shaka haijafyatuliwa," alisema Bwana Magodoro. "Babu hakumpiga mtu. Alimlaza."

"Na Kapteni je?" aliuliza mwingine. "Afisa mzima asifyatue hata mara moja?"

"Kwa jicho moja angelengaje?" mwanamke akauliza kwa huzuni.

"Kulenga ndiko kunataka jicho moja!" Msomi alifoka, kwa sababu ujuzi ni ugonjwa, haujui wakati wa kunyamaza.

"Mnasikia?" alisema mwanamke. "Hata yeye anamtetea babu. Msimkasirikie. Ni uchungu tu."

"Ni wivu," alisema Bwana Magodoro. "Nimemtoa kwenye benchi, leo anataka kunidhalilishia babu mbele ya wageni. Mzee mzima, huoni haya kusema uongo?"

Msomi alikuwa ameitwa mwongo mara nyingi, na kila mara alilichukulia neno hilo kama malipo ya kazi. Leo lilimchoma. Akatoa ufunguo, akauweka mezani, akachukua koti lake.

Yule mwanamke alimsindikiza hadi mlango wa barabarani, akiwa amemshika mkono kama binti anavyomshika baba. Msomi akasimama kizingitini.

"Binti," alisema chini chini, "sasa tuko wawili. Mimi najua na wewe unajua. Yule Kapteni hakuwahi kuwapo."

Machozi yakamjaa yule mwanamke machoni, mazito na mazuri, na sauti yake ikatetemeka.

"Mzee wangu, nakuomba. Usiniulie babu mara ya pili."

"Pole, mwanangu," alisema Msomi, akijifuta machozi. Alitembea na majonzi hayo hadi karibu na duka la kinyozi, ndipo alipokumbuka kwamba anamlilia paka.