Dari Nyeupe ya Kinoti

Jumatatu, 14 Machi 1966

Kinoti ameweka dari! Nyeupe kama yai. Ameshona magunia matupu, akayawamba chini ya mabati, akayapaka chokaa. Nimeiona leo nilipokwenda kumchukua mke wangu, maana mke wangu siku hizi ni kama amehamia kule. Saa nane mchana, Garissa nzima inakaangika, na Mueni ameketi na Gacheri, mke wa Kinoti, anakunywa chai. Hana hata tone la jasho.

Kota zetu za serikali zimepakana. Zilijengwa mwezi mmoja na fundi mmoja. Mimi karani wa stoo ya mahindi ya msaada, yeye karani wa mifugo. Bati lilelile, jua lilelile. Kwa nini yeye ndiye wa kusifiwa?

Njiani Mueni akasema kwa Gacheri kuna ubaridi. Alisema mara tatu. Nikamuuliza Kinoti ana nini nisicho nacho. Hakufikiri hata kidogo.

"Dari," akasema.

Kisha akaniambia jambo zito. Mtoto wetu Ndinda, wa miezi saba, amejaa vipele vya joto shingoni na mgongoni, na hapati usingizi. Msafara wa magari unaondoka Ijumaa tarehe 25 kwenda Thika, na askari wa kuulinda. Nyumba isipopoa kabla ya hapo, yeye na mtoto wamo, wanakwenda kwa mama yake Kitui. Na barabara ile! Mwezi uliopita lori lilikanyaga bomu la shifta, wale waasi wa porini. Sitaki mke wangu na mwanangu wapite pale. Wala sitaki wapozwe na dari ya Kinoti.

Siku kumi na moja. Zinatosha kabisa.

Jumatano, 16 Machi

Mkubwa wangu kaniruhusu magunia ishirini yaliyotumika. Ya Kinoti yalikuwa kumi na sita. Niliuliza.

Nilipopita nayo, Kinoti akanisimamisha uani kwake. Eti niyaloweke kwanza siku mbili, kisha niyaanike juani, kwa sababu ya fukusi. Nikamshukuru sana, nikaenda zangu. Siku mbili! Huyu anataka kunichelewesha. Ameona kumi na sita yamepitwa na ishirini, roho inamuuma.

Nimeshona mpaka vidole vimevimba.

Ijumaa, 18 Machi

Dari iko juu. Fukusi wako chini. Wamo kitandani, wamo kwenye mtungi wa maji, wamo kwenye ugali. Mueni amemtoa mmoja sikioni mwa mtoto. Alimbeba Ndinda, akachukua na mto, akaenda kwa Gacheri. Na mto!

Habibo, mama wa nyuma ya ua wetu anayetuletea maziwa ya ngamia, alisimama mlangoni akatazama juu. Akacheka mpaka akaweka chombo cha maziwa chini.

"Waryaa Musembi! Kwetu nyumba najenga mwanamke. Siku moja tu. Mwanaume nashika ngamia."

Nikamwambia hii ni kazi ya kitaalamu. Akasema anaona.

Jumamosi, 19 Machi

Chokaa leo. Shauri kwa yeyote apakaye dari: usifungue mdomo kumtukana jirani wakati brashi iko juu ya kichwa chako. Jicho la kulia bado halioni vizuri. Ulimi umekauka.

Niliwahi kumsikia Kinoti akisema chokaa hushika gunia vizuri ukiichanganya na uji kidogo wa unga. Kidogo! Hayo ni ya watu waoga. Mimi nimetia debe zima. Dari yangu ni nyeupe kuliko yake. Nilimwita Gacheri aje kuishuhudia. Akasema, kwa adabu sana, kwamba inadondoka.

Jumatatu, 21 Machi

Dari imechacha.

Sikujua kitu kama hicho chawezekana. Uji ule umefanya kama uji wowote ufanyavyo kwenye joto. Nyumba inanuka kama mtungi wa pombe ya harusi. Sisimizi wamekuja kwa mstari mmoja kutoka mtoni, nadhani, maana mwisho wake sikuuona. Saa tisa kipande cha ukubwa wa mlango kilianguka juu ya kitanda. Mueni aliuliza, kwa upole wa kutisha, kama hiyo ni sehemu ya mpango.

Akaanza kukunja nguo za mtoto.

Kinoti alikuja kutusaidia kubeba takataka. Alifanya kazi mpaka kafyu ikakaribia, akarudi kwake bila kunicheka hata kidogo. Hilo ndilo siwezi kumsamehe.

Jumanne, 22 Machi



Asubuhi Habibo kanipa shauri bila kuombwa. Akasema niache mambo ya ndani, joto naingia juu. "Weka mkeka juu ya bati. Jua nabigana na mkeka, nyinyi nalala." Mkeka juu ya kota ya serikali! Kinoti angesemaje? Nikakataa. Lakini neno lile "juu" likaniingia. Nikaamua kuyainua mabati upande mmoja, hewa ya moto itoke. Kinoti hajawahi kugusa paa lake.

Saa kumi nilikuwa juu na nyundo. Niling'oa misumari yote kwanza, kuokoa muda. Shauri: usiing'oe yote kwanza. Upepo ukaja. Mabati tisa yakaondoka pamoja, yakaangukia pipa tupu la mafuta, moja baada ya jingine. Pa! Pa! Pa!

Mtu akapiga kelele: shifta! Nikiwa juu pale niliona mji mzima ukilala chini. Sokoni watu wamelala. Mwalimu mmoja kalala juu ya baiskeli yake. Askari wakatoka mbio na bunduki, na mimi nimesimama juu ya boriti, mikono hewani, suruali imenaswa na msumari.

Mimi waliniuliza jina na kazi, basi. Lakini Guleid, mume wa Habibo, alikuwa anapita nyuma ya ua na mzigo wa fito. Yeye ni Msomali, hawakumuuliza kitu. Wakamchukua. Nilipiga kelele kutoka juu kwamba ni mabati, ni mabati yangu! Hakuna aliyegeuka. Kafyu ikaingia, hakuna kutoka.

Habibo hakulia. Alisimama uani kwake akitazama upande wa kituo. Ningefurahi kama angenitukana.

Jumatano, 23 Machi

Alfajiri, kafyu ilipoisha, nikanyoa ndevu, nikaenda kituoni. Nilikuwa nimepanga hotuba yote. Nitasema kosa ni langu, wanifunge mimi. Nilikuwa na hofu, nakiri.

Naingia, namkuta nani? Kinoti! Ameketi kwenye benchi, kofia magotini, ameshamdhamini Guleid na karatasi imeshatiwa sahihi. Alifika kabla yangu kwa dakika kumi. Dakika kumi! Guleid alikuwa wangu. Mabati yalikuwa yangu. Hata lawama yangu mwenyewe Kinoti ameichukua.

Nikasema hotuba hata hivyo. Sajini hakuamini bati laweza kutoa mlio ule. Akaagiza liletwe moja, akanitaka niliangushe mbele yake. Nikaliangusha. Sajini akaruka nyuma ya meza. Kisha akasema bati hilo litabaki kituoni kama ushahidi.

Guleid alitoka na jicho limevimba. Nilimwomba radhi. Akasema, "Walaal, ndugu yangu, ulikuja mwenyewe." Akanishika mkono.

Halafu akaenda kunywa chai kwa Kinoti.

Alhamisi, 24 Machi

Tangu asubuhi jua limeingia ndani kama mpangaji. Mueni na Ndinda wamelala kwa Kinoti juzi na jana. Sanduku limefungwa. Mtoto analia mpaka sauti inakwama. Nilikaa juu ya kreti katikati ya sebule, nikatazama mbingu, nikaona kweli nimeshindwa.

Saa nne Habibo akaingia na wanawake wawili, Maka na Rukiyo, na punda amebeba mikeka. Hawakuniomba ruhusa. Waliniamuru niyapandishe mabati yaliyobaki na kuyapigilia. Kisha wakapanda wao, wakatandaza mikeka tabaka mbili, wakaifunga kwa kamba, na pengo la bati la ushahidi wakaliziba kwa ngozi. Nilimuuliza Habibo kwa nini ananisaidia baada ya yaliyompata mumewe. Akasema watu wanaokwenda kituoni kusema "ni mimi" hawapo wengi. Akasema pia nishike kamba vizuri, siyo kama karani.

Adhuhuri wakamaliza. Hata nusu siku haikufika!

Ijumaa, 25 Machi

Msafara umeondoka saa moja asubuhi. Mueni hakupanda. Alikuja na mtoto jana jioni "kuangalia tu", akaketi, akafungua sanduku.

Saa nane mchana leo Ndinda amelala. Amelala kweli, mdomo wazi, ngumi zimefunguka. Mimi na Mueni tuliketi chini ukutani tukimsikiliza akipumua. Mueni akaweka kichwa begani kwangu. Akasema, "Baba Ndinda, Habibo ni fundi."

Alisema mara tatu. Nilihesabu.

Jumapili, 27 Machi

Kinoti na Gacheri wamekuja baada ya kanisa. Kinoti aliketi, akafungua kola, akasema nyumba hii ni baridi kuliko yake. Nilimwomba arudie, sikusikia vizuri. Akarudia! Nikamweleza kwamba mikeka lilikuwa wazo langu tangu mwanzo na magunia yalikuwa majaribio tu. Mueni akakohoa kwenye chai.

Siku njema kuliko zote tangu niletwe Garissa. Nimemsamehe Kinoti kila kitu. Kwa kweli ni mtu mzuri. Sitashindana na mtu tena.

Jumatatu, 28 Machi

Kinoti amejenga bafu la nje! Fito nne, makuti, sakafu ya mawe, na mfereji wa kupeleka maji kwenye migomba yake. Mueni amekwenda kuliona. Amekaa huko nusu saa, amerudi nywele zimelowa.

Nimeanza kuchimba msingi wa bafu langu jioni hii hii. Kinoti aliniita ng'ambo ya ua, anataka kuniambia jambo kuhusu mteremko. Nikamwambia asijisumbue. Langu litakuwa kubwa mara mbili, na liko palepale penye ukuta wa chumba cha kulala, tusitembee mbali. Mfereji sitauchimba. Maji yana akili, yatajua yenyewe pa kwenda.