Mgonjwa wa Kila Jumanne

Jumanne, 4 Machi
Darasa la mtandaoni tena leo. Sisi matabibu wa zahanati za mbali, kila mmoja na simu yake chumbani kwake, na daktari bingwa wa kisukari anatufundisha kutoka hospitali kuu. Anayewasilisha habari za mgonjwa wake ndiye anayezungumzishwa. Wengine tumo tu kama picha ukutani. Sijaitwa hata kwa bahati mbaya! Wagonjwa wangu wote ni mafua na minyoo. Mkunga wa zahanati ya bondeni kawasilisha wawili, kasifiwa, kachekewa. Ana nyota gani yule? Darasa likaisha, chumba kikawa kimya. Mtu pekee wa kuongea naye hapa ni mlinzi, naye ana usingizi wa pono.

Jumanne, 11 Machi
Nimepata mgonjwa! Yaani, nimemtunga. Mama wa makamo, kisukari, kidonda cha unyayo kisichopona. Nikaeleza kwa huzuni ya kadiri. Bingwa akasema, hebu tumsikilize mwenzetu. Mwenzetu! Akanihoji mpaka jasho likanitoka. Mkunga kasema nina moyo wa subira. Kumbe si mtu mbaya.

Jumanne, 18 Machi
Nikasema kidonda kinaendelea vizuri. Kosa! Bingwa akafurahi, akahamia kwa mwingine. Haraka nikaongeza kwamba kimeanza kutoa harufu. Wakanirudia wote: anatumia dawa gani, anavaa viatu gani, anakula nini. Raha iliyoje! Mgonjwa huyu hatapona mimi nikiwa hai.

Ijumaa, 21 Machi
Mkunga kapiga simu mwenyewe. Ana bendeji nzuri, Jumapili anakuja na pikipiki kumwona mgonjwa, kisha tukae tuongee habari za kazi. Tangu nihamie hapa sijatembelewa na mtu asiye na homa. Nusura nilie kwa furaha. Halafu nikakumbuka. Ole wangu! Nikamwambia mgonjwa amefariki alfajiri. Akasema pole sana kaka, basi hakuna haja ya kuja. Kweli, nikasema, hakuna haja. Ningeweza ningeumeza ulimi.

Jumapili, 23 Machi
Nimesikia pikipiki, nikatoka mbio na shati la kutokea. Muuza mkaa. Akapita zake. Mchana mke wangu kapiga kutoka mjini, akauliza nimekula nini. Nikasema tumekula vizuri. Akauliza mimi na nani. Nikasema mtandao unakatika. Upweke huu unaua kuliko kisukari.

Jumanne, 25 Machi
Darasa zima limesimama kimya kwa ajili ya marehemu. Nikalia machozi ya kweli, sikujua hata yametoka wapi. Wote wakanipa pole, mmoja mmoja. Bingwa kasema tabibu anayelia ndiye tabibu. Kisha akasema, haya, tuendelee na kisukari cha wajawazito. Ndiyo basi? Nimesahaulika kabla machozi hayajakauka? Mdomo huu! Nikasikia unasema kuna mwingine, mdogo wake marehemu, kidonda kilekile, na hali yake ni mbaya kuliko ya yule wa kwanza. Bingwa akarudi kwangu. Mkunga akasema safari hii hangoji mtu afe, Alhamisi anakuja kumwona kwa macho yake. Karibu sana dada, nikamjibu, tena kwa sauti. Nimefagia mpaka uani. Nimefua mapazia. Nimeazima kiti cha pili. Kilichobaki ni kutafuta mguu.